Kuanguka Kifudifudi, Kisha Kusimama

Masomo: Yoshua 7:1–13, Hesabu 20:2–12, Mathayo 26:36–46
Mstari wa kukariri: Yoshua 7:10 (kila mmoja aufungue katika Biblia yake mwenyewe)
Shabaha ya somo: Kuelewa maana ya kuanguka kifudifudi mbele za Mungu, na kujua Mungu anatuambia nini tukiwa pale chini.



UTANGULIZI

Somo la juma hili limetokana na kosa langu mwenyewe, na wengi wenu mlikuwepo. Tulipata mgeni wa kuhubiri, mtumishi wa Mungu aliyezoea Kiingereza, na mimi ndiye niliyesimama kando yake kutafsiri. Mahubiri yalikuwa yanaenda vizuri, kanisa limechangamka. Halafu mgeni akapaza sauti akasema kwamba kila aaminiye anapaswa kuwa "prostrate" mbele za Bwana. Mimi bila kufikiri nikapaza sauti vilevile: kila aaminiye anapaswa kuwa na tezi dume mbele za Bwana!

Mnakumbuka kilichofuata. Akina mama walificha nyuso kwa leso. Vijana wa kwaya wakaanza kutikisika mabega. Dada yetu mmoja ambaye ni muuguzi akainamisha kichwa kama anayeomba, lakini hakuwa anaomba. Mgeni naye akadhani ni furaha ya Roho, akalirudia neno lile mara ya pili, kwa nguvu zaidi. Mara ya pili sikutafsiri kitu. Nilisema tu, "Amina."

Nilifika nyumbani nimeaibika, nikafungua kamusi. Kumbe Bwana alikuwa na somo ndani ya aibu ile. Nimelikalia kwa muda mrefu, na leo naomba tuligawane.

1. MANENO MAWILI, HERUFI MOJA

Maneno hayo mawili ya Kiingereza yanatofautiana kwa herufi moja tu, r. "Prostrate" ni hali ya mtu aliyelala chini, uso umeelekea ardhi, kwa unyenyekevu au kwa kuishiwa nguvu kabisa. "Prostate" ni tezi dume, ile tezi ndogo iliyoko chini ya kibofu cha mkojo cha mwanamume. Hata wenye Kiingereza chao huyachanganya, kwa hiyo msinicheke peke yangu.

Lakini tazama maneno haya yalikotoka. La kwanza lina asili ya Kilatini, na maana yake ni kutandazwa mbele, kama vile mtu anavyotandika mkeka mbele ya mgeni anayeheshimiwa. La pili lina asili ya Kigiriki, na maana yake ni asimamaye mbele. Waganga wa zamani waliipa tezi ile jina hilo kwa sababu imekaa mbele ya kibofu kama bawabu mlangoni.

Basi moja ni kulala mbele, na lingine ni kusimama mbele. Na lile neno la kusimama mbele halikuwa neno la hospitali peke yake. Wagiriki walilitumia kwa mtu anayesimama mbele ya wengine ili kuwatetea na kuwasaidia. Paulo alipomsifu dada Fibi wa kanisa la Kenkrea katika Warumi 16:2 kwamba amewasaidia watu wengi, na yeye Paulo pia, neno aliloandika ni la ukoo huo huo. Fibi alikuwa mtu wa kusimama mbele kwa ajili ya wengine.

Nilipoona hivyo nikafunga kamusi nikafungua Biblia. Swali langu likawa hili: katika maandiko, mtu aliyelala kifudifudi mbele za Mungu huinuka lini, na huinuka afanye nini?

2. KISWAHILI CHETU KINASEMAJE?

Lugha yetu ina ngazi za unyenyekevu, na ni vizuri tuzijue ili tusiwe tunaimba maneno tusiyoyaelewa.

Kuna kuinama. Hapo kichwa na mgongo vinashuka lakini miguu bado imesimama. Ndivyo mtoto mwenye adabu anavyomsalimu babu yake.

Kuna kupiga magoti. Hapo miguu imekunjwa. Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku, madirisha yake yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu (Danieli 6:10).

Kuna kusujudu. Neno hili tumelipata kutoka Kiarabu, na neno "msikiti" lina asili hiyo hiyo, yaani mahali pa kusujudia. Majirani zetu Waislamu wakisujudu, paji la uso linagusa chini pamoja na viganja, magoti na vidole vya miguu. Katika Biblia yetu kusujudu limetumika kwa upana, likiwa na maana ya kumwabudu Mungu au kumpa mtu heshima kubwa.

Halafu kuna kuanguka kifudifudi. Wengine husema kifulifuli, na katika Biblia pia utakutana nalo hivyo. Ni neno lile lile. Hapa mwili wote umeshuka, uso kwenye ardhi. Kinyume chake ni kulala chali, mgongo chini na uso juu.

Mtu aliyelala kifudifudi hawezi kukimbia, hawezi kupigana, wala hawezi kuona ni nani anayemkaribia. Sehemu ya mwili tunayojivunia zaidi, uso, ndiyo iliyo mavumbini. Kwa hiyo tukisema fulani alianguka kifudifudi mbele za Mungu, tunasema hakubakiza kitu cha kujitetea.

3. MWILI UNAWEZA KULALA NA MOYO UMESIMAMA

Kiingereza kina neno lingine la kulala kifudifudi, "prone". Hili linaeleza mkao wa mwili tu, halisemi lolote juu ya moyo. Ugonjwa wa korona ulipoingia nchini mwaka 2020, tulisikia kwamba madaktari duniani walikuwa wakiwalaza kifudifudi baadhi ya wagonjwa waliobanwa na pumzi, kwa sababu mkao huo husaidia mapafu kupata hewa. Lakini mtoto mchanga mama huambiwa kliniki amlaze chali, kwa usalama wake. Hayo ni mambo ya mwili, wala hakuna ibada ndani yake.

Na hapa kwetu tuna mfano wa karibu. Ukitoka Taveta kuelekea Voi unapita kilima cha Salaita. Tarehe 12 Februari 1916, wakati wa vita vya kwanza vya dunia, askari wa upande wa Uingereza waliokuwa wametoka Afrika Kusini walijaribu kukichukua kilima hicho kutoka mikononi mwa jeshi la Wajerumani, wakashindwa wakarudi nyuma. Risasi zikipita juu, askari hulala kifudifudi. Je, amenyenyekea? Hapana. Amelala ili aokoe maisha yake, na kidole bado kiko kwenye bunduki.

Mpendwa, hata kanisani inawezekana. Mtu anaweza kulala kifudifudi madhabahuni, machozi yanatiririka, na kidole bado kiko kwenye bunduki. Wahenga walisema, mkono usioweza kuukata, ubusu. Kuna watu wanamwinamia Mungu kwa roho hiyo. Wanainama kwa sababu hawamwezi, si kwa sababu wanampenda.

4. MUNGU HAKUMWACHA MTU PALE CHINI

Sasa chukua Biblia yako na kalamu, tutembee pamoja. Nilipoanza kuorodhesha watu walioanguka kifudifudi mbele za Mungu, nilishangaa kuona ni mara ngapi Mungu mwenyewe ndiye aliyewainua.

Ezekieli aliona utukufu wa Bwana akaanguka kifudifudi (Ezekieli 1:28). Mstari unaofuata tu, sura ya 2:1, Mungu anamwambia asimame kwa miguu yake kwa sababu anataka kusema naye. Na aya ya 2 inasema Roho ndiye aliyemsimamisha.

Danieli aliangukia uso wake kwa hofu. Akaguswa, akasimamishwa (Danieli 8:17–18).

Wanafunzi watatu walianguka kifudifudi mlimani waliposikia sauti kutoka katika wingu. Yesu akaja akawagusa, akawaambia wainuke na wasiogope (Mathayo 17:6–7).

Wale wakoma walikuwa 10. Mmoja akarudi, akaanguka kifudifudi miguuni pa Yesu akimshukuru, naye alikuwa Msamaria. Yesu akamwambia ainuke aende zake (Luka 17:16–19).

Sauli alianguka chini katika njia ya Dameski. Aliambiwa asimame aingie mjini, na huko ataambiwa yampasayo kutenda (Matendo 9:4–6).

Na mkubwa kuliko wote, Bwana wetu Yesu. Pale Gethsemane alianguka kifudifudi akaomba (Mathayo 26:39). Aliomba mara tatu. Ukisoma hadi aya ya 46 unakuta Yeye ndiye anayewaamsha wengine waondoke, maana anayemsaliti amekaribia. Alilala chini akitetemeka kwa huzuni, akainuka amekata shauri. Msalaba alikwenda akiwa amesimama.

Umeona? Kuanguka kifudifudi ni mlango. Hakuna mtu anayejenga nyumba mlangoni.

5. YOSHUA: OMBI LILILOKATIZWA

Sasa tufike kwenye andiko letu kuu. Israeli walikuwa wametoka kuishinda Yeriko. Wakadhani Ai ni mji mdogo tu, wakapeleka watu kama 3,000. Wakapigwa, watu 36 hivi wakafa. Yoshua akararua mavazi yake, akaanguka kifudifudi mbele ya sanduku la Bwana, yeye na wazee wa Israeli, wakatia mavumbi vichwani, wakakaa hapo mpaka jioni.

Kwa macho yetu hilo ni kesha zuri. Viongozi wote wapo, machozi yapo, mavumbi yapo. Tungekuwa sisi tungesema upako umeshuka. Lakini soma aya ya 10. Mungu anamwambia Yoshua ainuke, tena anamuuliza kwa nini amelala namna ile kifudifudi! Ndipo anamweleza: Israeli wametenda dhambi, wamechukua vitu vilivyowekwa wakfu, wameiba, wamedanganya, wameviweka pamoja na vyombo vyao.

Chini ya hema la Akani kulikuwa na joho zuri la Shinari, shekeli 200 za fedha, na kabari ya dhahabu ya shekeli 50 (aya ya 21). Yoshua angeweza kulala pale mwezi mzima. Hema lile lingebaki vile vile, na Ai ingebaki vile vile.

Mungu hakukataa ombi la Yoshua. Alilijibu, na jibu lenyewe lilikuwa kazi ya kufanya. Kuna mambo tunamlilia Mungu ayaondoe, na Yeye anangoja tuinuke tukafukue.

6. MFEREJI WANGU

Hapa ndipo somo linaponigusa mimi, na mchungaji amenipa ruhusa kuliandika.

Ninyi wakulima wa Njukini mnanielewa. Sisi tunaishi kwa maji ya chemchemi. Mvua inanyesha juu Kilimanjaro, inazama ardhini, inatokea huku kwetu, tunaigawana kwa mifereji. Kila shamba lina zamu yake, na mtu akikosa zamu moja wakati nyanya zimetoa maua, hasara yake anaijua mwenyewe siku ya soko Taveta.

Msimu mmoja wa kiangazi zamu yangu ilikuwa imepita na maji hayakuwa yamefika mwisho wa shamba. Mistari kama minne ya nyanya ilikuwa imebaki mikavu. Usiku ule zamu ilikuwa ya jirani yangu, naye alikuwa amelazwa na malaria. Alikuwa amemwachia kijana wake, na kijana alipitiwa na usingizi. Nilichukua jembe nikaenda. Nikatoa gunia la mchanga, nikayageuza maji yakaja kwangu kama saa mbili hivi, kisha nikalirudisha gunia mahali pake. Asubuhi kijana alipigwa na baba yake kwa kulala kazini. Nilisikia kelele kutoka shambani kwangu, nikaendelea kupalilia.

Ijumaa ile kulikuwa na kesha. Nilienda, tena mimi ndiye niliyeongoza kipindi cha maombi. Niliwaambia watu tuanguke kifudifudi mbele za Bwana. Tukaanguka. Wenzangu wanalia, mimi nimelala usoni kwenye sakafu ya saruji, na kila nikifungua mdomo nasikia maji. Nasema "Baba wa mbinguni", nasikia maji yanatembea kwenye mfereji. Nikaongeza sauti. Maji nayo yakaongezeka.

Nikajiambia labda ni adui. Nikakemea. Haikusaidia kitu.

Ndipo lile neno la Yoshua 7:10 likanijia. Sikusikia sauti ya ngurumo, msije mkasema mwalimu ameota. Lilikuja tu kama mtu anavyokumbuka kwamba ameacha sufuria motoni: inuka, kwa nini umelala kifudifudi? Na nikaelewa kwamba Mungu hakuwa na haja na paji langu la uso pale sakafuni. Alitaka miguu yangu ielekee kwa jirani.

Nawaambia ukweli, sikutaka. Kulala chini ni rahisi. Ningeweza kulala pale mpaka asubuhi na watu wangesema mwalimu ni mtu wa maombi. Lakini kwenda kugonga mlango wa mtu na kumwambia "mimi ndiye mwizi wa maji yako", na mtoto wake anasikiliza! Hapo ndipo moyo wangu ulipokuwa haujalala hata kidogo.

Nilitoka kesha halijaisha. Kulikuwa kunapambazuka, mlima umefunguka, mweupe juu. Nilimkuta jirani ameketi nje na blanketi mabegani. Nikasema, "Ndugu yangu, yale maji ni mimi." Hakujibu. Alinitazama kwa muda mrefu. Halafu akamwita kijana wake, akasema, "Njoo umsikilize mwalimu." Nikalazimika kurudia yote mbele ya mtoto. Baba yule alimgeukia mwanawe akamwomba msamaha kwa kumpiga. Mimi nikabaki nimesimama pale, sijui niweke wapi mikono.

Nilimpa zamu yangu ya juma lililofuata. Mistari yangu miwili ya nyanya ilikauka. Urafiki wetu haukurudi siku ile, ilichukua msimu mzima, na kijana ndiye aliyechelewa zaidi kunisalimu. Sina ushuhuda wa kusema kwamba nilivuna mara mia. Ushuhuda wangu ni kwamba Ijumaa iliyofuata niliomba na sikusikia maji.

Musa naye alipatwa na jaribu la maji. Katika Hesabu 20:6, yeye na Haruni walianguka kifudifudi mlangoni pa hema ya kukutania, utukufu wa Bwana ukawatokea. Akaambiwa aseme na mwamba. Akainuka akiwa na hasira na watu, akaupiga mwamba mara mbili. Maji yalitoka, watu wakanywa na mifugo yao, lakini Musa hakuingia Kanaani. Kwa hiyo tusidanganyane. Mtu anaweza kuanguka vizuri na akainuka vibaya. Kipimo cha kulala kwetu kifudifudi ni kile tunachofanya dakika tukisimama.

7. TUSIANGUKE MBELE YA ASIYESTAHILI

Mwili ukizoea kuanguka, unaweza kuangukia popote. Ndiyo maana Biblia imeweka mpaka.

Kornelio aliposujudu miguuni pa Petro, Petro alimwinua akamwambia kwamba yeye pia ni mwanadamu (Matendo 10:25–26). Yohana alipotaka kumsujudia malaika alikatazwa, si mara moja bali mara mbili (Ufunuo 19:10 na 22:8–9). Shetani alimwahidi Yesu falme zote za dunia kama angeanguka na kumsujudia, akakataliwa (Mathayo 4:9–10). Mordekai alikataa kumwinamia Hamani. Vijana watatu wa Babeli walibaki wamesimama wakati umati wote umelala chini, na walijua tanuru iko wapi.

Heshimu wachungaji, heshimu wazee, msalimu mkubwa wako kwa adabu za nyumbani kwenu. Hilo si kosa. Lakini mtumishi yeyote anayependa kuona watu wamelala miguuni pake, mkumbushe Petro. Na msimu wa kura ukifika, mtu akija na mfuko wa unga na shati za bure, pokea salamu yake ukiwa umesimama.

8. KWA WASIOWEZA KULALA CHINI

Mama mjamzito, mzee mwenye magoti mabovu, mgonjwa wa mgongo, aliyetoka kufanyiwa upasuaji: hakuna anayekudai ulale sakafuni. Yakobo mzee alimwabudu Mungu akiegemea kichwa cha fimbo yake (Waebrania 11:21), na ameandikwa katika orodha ya mashujaa wa imani. Mungu anauona moyo uliolala kifudifudi hata kama mwili umekaa kwenye kiti cha plastiki pale nyuma.

Na sasa turudi kwa lile kosa langu la tafsiri. Siku ile watu walipokuwa wanacheka, kulikuwa na mzee mmoja ambaye hakucheka. Baada ya ibada alinivuta kando akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, lile neno ulilolitaja, dalili zake ni zipi?" Alikuwa anaamka mara nne, mara tano usiku kwenda haja ndogo, na mkojo unatoka kwa shida. Alikuwa amevumilia zaidi ya mwaka, anaomba, anafunga, hajamwambia hata mkewe. Tulienda naye hospitali. Daktari akasema tezi imevimba, si saratani, akaanza matibabu. Leo analala.

Ndugu wanaume, msione aibu. Tezi dume ikivimba si lazima iwe saratani, lakini saratani ya tezi dume ipo, na mwanzoni inaweza kukaa kimya bila dalili yoyote. Ikigunduliwa mapema nafasi ya kutibika ni kubwa. Kama umefika miaka 50, au hujafika lakini baba yako au ndugu yako aliugua, zungumza na daktari juu ya kupimwa. Ukiona damu kwenye mkojo, usingoje kesha lijalo. Omba, kisha inuka uende. Hilo nalo ni Yoshua 7:10.

HITIMISHO

Wapendwa, tusiache kuanguka kifudifudi. Katika Ufunuo hata wale wazee 24 wenye viti vya enzi huanguka mbele zake, na taji zao wanazitupa chini (Ufunuo 4:10). Kama wenye taji wanaanguka, mimi na wewe wenye majembe ni akina nani? Kanisa lisilojua kulala chini mbele za Bwana litakuwa na kelele nyingi tu.

Lakini ukiwa pale chini, sikiliza. Pengine atakugusa kama alivyomgusa Danieli. Pengine atakupa nguvu ya kubeba msalaba. Na pengine atakuuliza umelala kwa nini, wakati kuna hema halijafukuliwa, kuna mlango haujagongwa, kuna mtoto aliyepigwa kwa kosa lako. Akikuuliza hivyo, usiongeze sauti. Inuka.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Kuna tofauti gani kati ya kulala kifudifudi kwa mwili na kulala kifudifudi kwa moyo? Toa mfano kutoka maisha ya hapa kwetu.
2. Soma Yoshua 7:6–13. Kwa nini Mungu alikatiza maombi ya Yoshua? Je, ilikuwa dhambi yeye kuomba?
3. Linganisha Musa katika Hesabu 20:6–12 na Bwana Yesu katika Mathayo 26:39–46. Kila mmoja aliinuka akafanya nini?
4. Ni mambo gani katika ugawaji wa maji, mipaka ya mashamba au madeni ya sokoni ambayo tumekuwa tukiyaombea wakati tulipaswa kwenda kuyatengeneza?
5. Je, ni rahisi kwako kumwambia ndugu wa kanisa juu ya ugonjwa wa siri? Kikundi kifanye nini ili iwe rahisi?

KAZI YA JUMA

Kila mmoja atenge muda wa kuanguka mbele za Bwana, peke yake, bila mtu wa kumtazama. Aulize jambo moja tu: Bwana, kuna mahali unataka niende? Akijibiwa, aende kabla ya Jumapili.

OMBI

Baba, tunaanguka mbele zako kwa sababu hatuna kitu cha kujitetea. Tuonyeshe tulichokificha chini ya hema. Tupe ujasiri wa kuinuka unapotuambia tuinuke, na miguu ya kufika kwa ndugu tuliyemkosea. Waponye wagonjwa wetu, na uwape neema ya kusema wanapoumwa. Gawia mashamba yetu maji, na utufundishe kuyagawana kwa haki. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.